Vipimo Safi, Nyonga Inauma

Simama kwenye stendi ya mabasi ya mji wowote wa Tanzania usome vibao vilivyopigiliwa kwenye nguzo za umeme: UTI sugu, PID, chango la uzazi, ngiri, gono sugu, kiuno, nguvu za kiume. Chini yake namba ya simu, na pengine jina la sheikh, nabii au dokta asiyejulikana amesomea wapi. Ukiweka kando utapeli uliomo, vibao hivyo ni takwimu za afya zilizoandikwa kwa rangi nyekundu. Mfanyabiashara hatundiki kibao mahali pasipo na mteja, na karibu kila ugonjwa unaotajwa pale unakaa sehemu ile ile ya mwili, chini ya kitovu na juu ya mapaja. Tena wateja wake si watu waliokimbia hospitali. Wengi walikwisha kwenda, wakapimwa, wakapewa dawa, wakamaliza dozi, wakarudi, wakapewa nyingine.

Mradi mmoja wa utafiti, HATUA, uliwachukua wagonjwa 7,583 wenye dalili za UTI katika vituo vya tiba vya Kenya, Tanzania na Uganda, ukaotesha mikojo yao maabara. Waliothibitika kuwa na UTI walikuwa asilimia 35. Watafiti walishtushwa zaidi na usugu wa dawa, maana karibu nusu ya bakteria waliokutwa walikuwa wamekwisha kuzoea dawa za makundi kadhaa, na wana haki ya kushtuka. Jicho langu mimi lilibaki kwa wale wengine, watu 65 katika kila 100, waliokuja na mkojo unaochoma au tumbo la chini linalouma na maabara haikuona mdudu. Sisemi wote ni wazima. Kuotesha mkojo hakukamati kila kitu: wapo wanaokuwa wamemeza vidonge nyumbani kabla ya kupima, wapo wenye magonjwa ya zinaa, wapo wenye mawe kwenye njia ya mkojo. Lakini katika foleni za namna hiyo wamo pia watu ambao nyonga zao zinauma kweli, kwa miezi na miaka, bila mdudu wa kuua. Hao mfumo wetu wa tiba haujui uwafanye nini, kwa hiyo unawapa sipro, yaani antibayotiki.

Madaktari wanaiita hali hiyo maumivu sugu ya nyonga: maumivu ya chini ya kitovu yaliyodumu miezi sita au zaidi, ingawa wengine huhesabu kuanzia mitatu. Mwaka 2006 mapitio ya Shirika la Afya Duniani yalikuta kuwa kati ya asilimia 2 na 24 ya wanawake, kutegemea nchi na namna ya kuhesabu, wana maumivu ya nyonga yasiyofuata hedhi. Makadirio mapana kiasi hicho ni dalili ya jambo ambalo dunia haijajishughulisha kulihesabu vizuri, na takwimu za kuaminika kutoka nchi maskini zilikuwa chache mno.

Wanaume nao wamo, ingawa kwao ugonjwa umepewa jina la tezi dume. Mwaka 1999 wataalamu wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha mgawanyo mpya wa kile kilichokuwa kikiitwa uvimbe wa tezi hiyo. Wanaume tisa kati ya kumi waliokuwa wakibeba jina hilo waliwekwa kwenye kundi la maumivu sugu ya nyonga, kundi lisilo na bakteria wa kuonekana. Wanaumwa msamba, korodani, kinena, wanaumwa wakikaa, wanaumwa baada ya tendo la ndoa. Tezi yenyewe mara nyingi haina hatia.

Anayefika kwenye kliniki zetu na maumivu hayo hupata jibu moja kati ya mawili. La kwanza ni dozi: sipro, doksi, flajili, azuma, kisha sindano za siku tano. Jibu la pili huja baada ya dozi kushindwa na ultrasaundi kutoka safi. Daktari anafunga faili, anasema kwa sauti ya upole, "Dada, huna tatizo. Punguza mawazo." Majibu haya mawili yanaonekana kupingana, lakini yametoka tumbo moja. Yote yanaamini kwamba maumivu ya kweli lazima yawe na kitu cha kuonekana kwenye karatasi ya maabara, na yasipokuwa nacho basi yapo kichwani. Hoja yangu ni kwamba msongo wa mawazo una nafasi kubwa katika maumivu haya, kubwa kuliko tunavyokubali, na kwamba tumeuweka mahali pabaya kabisa: mwisho wa foleni, kama jalala la kutupia wagonjwa tulioshindwa kuwaelewa.

Tuanze na mwili, maana ndiko kwenye ushahidi.

Mbwa akiogopa hufyata mkia. Misuli anayoivuta kuubana ule mkia katikati ya miguu, sisi binadamu tunayo bado. Mkia wetu ulikwisha kuwa kifupa kidogo mwisho wa uti wa mgongo, misuli ikabaki ikifanya kazi nyingine: imetandazwa chini ya nyonga kama sakafu, inashikilia kibofu, mfuko wa uzazi na puru, na inazizunguka njia za haja ndogo na kubwa. Kazi mpya haikufuta tabia ya zamani. Tukitishwa, sakafu hiyo hujikaza, na hujikaza bila kutuomba ruhusa.

Hili si kisa cha kubuni. Mwaka 2001 watafiti wa Uholanzi, van der Velde na wenzake, walichapisha jaribio ambalo ningependa kila mwanafunzi wa udaktari alisome. Waliwaonyesha wanawake vipande vya filamu huku kifaa kikipima umeme wa misuli ya sakafu ya nyonga. Kilipokuja kipande cha vitisho, misuli ilijikaza. Haikuwa lazima vitisho viwe vya kingono. Na haikuwa kwa wanawake wenye tatizo la kujibana wakati wa tendo la ndoa peke yao. Wanawake wasio na tatizo lolote walijikaza pia, na misuli ya mabega ilijikaza pamoja na ile ya chini. Kila mtu anajua mabega hupanda mtu akiwa na wasiwasi. Kumbe na huku chini kuna mabega mengine, ambayo hakuna anayeyaona wala kuyasugua jioni.

Sasa fikiri mtu ambaye kipande chake cha filamu hakiishi. Msuli uliokazwa saa moja hulegea. Uliokazwa miezi hukosa damu ya kutosha, hufanya mafundo yanayouma ukiyabonyeza, na husambaza maumivu mbali na penyewe. Fundo lililo karibu na kibofu huleta hamu ya kukojoa kila dakika na mkojo kuchoma. Mgonjwa ataapa ana UTI, na mimi nisingemlaumu. Fundo lililo nyuma humfanya ahisi haja kubwa haijaisha. Jingine hushuka pajani au hupanda kiunoni. Ndiyo maana mgonjwa mmoja anaweza kupita kwa daktari wa wanawake, wa mkojo, wa tumbo na wa mifupa, akatoka na majina manne ya ugonjwa kutokana na misuli ile ile.

Juu ya misuli kuna mishipa ya fahamu. Mwaka 1983 Clifford Woolf, akifanya kazi London, alionyesha kwa panya kuwa baada ya jeraha uti wa mgongo wenyewe hubadilika: hupokea ishara ndogo na kuzikuza, na huendelea kuzikuza hata kule kidonda kilikoanzia kumetulia. Tangu hapo sayansi ya maumivu haijawa ile ile. Kibofu, utumbo mpana na mfuko wa uzazi hutuma habari zao kupitia sehemu zinazokaribiana za uti wa mgongo, kwa hiyo mtu aliyeanza na maumivu makali ya hedhi anaweza miaka kadhaa baadaye kuwa na kibofu kisichovumilia mkojo kidogo na tumbo linalosokota kila akila. Msongo wa mawazo huingia hapa tena kwa mlango wa pili. Ubongo ulio kwenye tahadhari hufungulia maumivu njia. Ubongo uliotulia huweza kuyazuia mengi yasifike. 

Na maumivu yenyewe ni msongo. Usiku halali, tendo la ndoa analikwepa, mume ananuna, kazini anaomba ruhusa mara ya tatu mwezi huo. Atakayesema mawazo yalianza kisha maumivu yakafuata, au maumivu yalianza kisha mawazo yakafuata, anapoteza muda wa mgonjwa. Yakishafungana, ni mzunguko, na mzunguko unaweza kuukata popote mkono unapofika.

Kwa nini basi wanawake wengi wakisikia habari za mawazo wanakasirika? Kwa sababu wana historia, na historia hiyo inawapa haki.

Mwaka 1949 Howard Taylor, daktari wa wanawake wa Marekani, aliandika kuwa mishipa ya damu ya nyonga hujaa na kuvimba kutokana na mfadhaiko. Alikuwa anatafuta njia ya mwili, na kwa hilo alikuwa mbele ya wenzake. Lakini zama zake zilichukua nusu ya hoja na kuiacha nusu. Kwa miaka mingi baadaye, mwanamke mwenye maumivu ya nyonga yasiyoeleweka aliangaliwa kama mtu mwenye kasoro ya tabia, asiyeridhika na ndoa, asiyetaka kukua. Wengine walitolewa mfuko wa uzazi, wakaendelea kuumwa.

Kisha kuna endometriosisi, hali ya tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwanamke mmoja kati ya kumi wa umri wa kuzaa anayo, na kuigundua huchukua miaka. Vitabu vya tiba vya Marekani vilifundisha kwa miongo kuwa ni ugonjwa wa wanawake weupe, wenye kisomo na nafasi, wanaochelewa kuzaa. Mwanamke mweusi aliyelalamika tumbo la chini aliandikiwa PID, maambukizi ya viungo vya uzazi, yaani alihesabiwa kuwa ameambukizwa kwa zinaa. Mwaka 1976 Donald Chatman, daktari wa Chicago, aliwachunguza wagonjwa wake weusi kwa kamera ya tumboni na kukuta zaidi ya mmoja kati ya watano ana endometriosisi. Baadhi ya hao walikuwa wamekwisha kubandikwa jina la PID. Nikisoma vibao vyetu vya barabarani, naona kama bado tunaishi mwaka 1975.

Kwetu hapa Millen Magese, aliyekuwa Miss Tanzania mwaka 2001, ndiye aliyelitamka neno hilo hadharani, akaeleza kuwa amefanyiwa upasuaji zaidi ya mara kumi. Kenya walikuwa na Njambi Koikai, mtangazaji wa rege, ambaye ugonjwa ulimfika hadi kifuani. Alifariki Juni 2024 baada ya miaka ya kuwaambia Wakenya kuwa hedhi isiyomruhusu msichana kusimama si ya kawaida. Ukimwendea mwanamke wa namna hiyo na kumwambia apunguze mawazo, umemtukana.

Kwa hiyo nakubaliana na hasira yao, lakini sikubali pale inapofika mahali pa kukataa kabisa kuulizwa kuhusu maisha. Hata kwa endometriosisi iliyothibitishwa kwa macho, ukubwa wa vidonda haulingani na ukubwa wa maumivu: wapo wenye vidonda vichache wanaolala sakafuni kwa uchungu, na wapo waliojaa vidonda wasiosikia kitu hadi siku wanapotafuta mtoto. Na wapo ambao upasuaji ulifanywa vizuri, vidonda vikaondolewa, maumivu yakabaki, kwa sababu misuli na uti wa mgongo vilikuwa vimejifunza somo lao kwa miaka. Kumwacha mtu wa namna hiyo bila kumtibu sehemu ya pili, kwa hofu ya kuonekana unamwambia ni mawazo, ni ukatili wa aina nyingine.

Jaribio lililonishawishi kuliko yote ni la zamani na halina mbwembwe. Lilifanywa Leiden, Uholanzi, na kuchapishwa mwaka 1991 na Peters na wenzake. Walikuwepo wanawake 106 wenye maumivu sugu ya nyonga, wakagawanywa kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lilipata utaratibu ambao hospitali nyingi, zikiwemo zetu zenye uwezo, zinaufuata hadi leo: kwanza kutafuta ugonjwa wa viungo, kuingiza kamera tumboni, na kisha, ikiwa hakuna kilichoonekana, kugeukia mambo ya nafsi na maisha. Kundi la pili lilianza na vyote kwa pamoja tangu siku ya kwanza. Daktari alichunguza mwili, mtaalamu wa saikolojia akazungumza na mgonjwa, wa fiziotherapia akaangalia misuli na mkao, chakula na mazingira vikaulizwa, na kamera haikutumika kama desturi. Baada ya mwaka mmoja kundi la pili lilikuwa na nafuu zaidi kwa wazi.

Angalia kilichotofautiana. Makundi yote mawili hatimaye yangeulizwa kuhusu mawazo. Tofauti ni lini. Swali la maisha likija mwisho, baada ya kila kipimo kutoka safi, mgonjwa analisikia kama hukumu, na ana sababu. Likija siku ya kwanza, kati ya swali la hedhi na swali la choo, linakuwa swali la tiba kama mengine. Muda peke yake hausemi yote, maana kundi la pili lilipata pia mikono mingi zaidi ya kulihudumia, lakini siamini kuna namna bora ya kumwambia mtu "nakuamini" kuliko kumuuliza yote kwa mkupuo mmoja.

Dawa peke yake, kwa upande wake, imeaibika vya kutosha. Mwaka 2004 jaribio la Marekani lilichukua wanaume 196 wenye maumivu sugu ya nyonga. Sipro haikuvishinda vidonge vitupu visivyo na dawa, wala tamsulosini, dawa ya tezi dume, haikuvishinda, wala zote mbili zikiunganishwa. Mwaka 2020 Waingereza walijaribu gabapentini, dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu, kwa wanawake 306 ambao kamera haikuona kitu. Haikuzidi vidonge vitupu, ila madhara ilileta zaidi. Kinyume chake, mwaka 2012 wanawake 81 wa Amerika ya Kaskazini wenye maumivu ya kibofu na misuli ya nyonga inayouma ikiguswa waligawanywa: wengine walipata masaji ya kawaida ya mwili mzima, wengine tiba ya mikono iliyolenga misuli ya nyonga hasa. Waliosema wamepata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 26 kwa masaji na asilimia 59 kwa tiba ya misuli. Hakuna kidonge katika ugonjwa huu ninachokijua chenye pengo kama hilo. Asilimia 59 vilevile maana yake wanne kati ya kumi hawakupata nafuu hiyo, na hilo tulibebe bila kulificha.

Sasa msongo wenyewe. Magazeti ya afya yanapouzungumzia, hupenda kuonyesha mama ameketi mkekani amefumba macho. Sina ugomvi na mkeka. Lakini msongo unaoletwa kwenye kliniki zetu mara nyingi una jina na namba ya simu: ni mikopo ya kausha damu na yule kijana anayepita kila jioni kuchukua rejesho, ni kodi ya miezi sita inayodaiwa kwa mkupuo, ni mawifi wanaouliza kila Idi na kila Krismasi mtoto yuko wapi. Ni mume. Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Katika kliniki ya maumivu ya nyonga ya Chuo Kikuu cha North Carolina, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliuliza wanawake zaidi ya 700: karibu nusu walisimulia ukatili wa kimwili au wa kingono, na karibu theluthi walikuwa na dalili za kiwewe.

Hapa pana mtego, na nimeona watu wenye nia njema wakiuingia. Wakishasoma takwimu za North Carolina wanahitimisha kuwa kila mwenye maumivu ya nyonga alibakwa na anaficha. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waliwafuata hadi utu uzima watoto ambao ukatili dhidi yao ulithibitishwa mahakamani, wakawalinganisha na wengine. Maumivu yasiyoelezeka hayakuwa mengi zaidi kwao. Waliokuwa na maumivu leo ndio waliokumbuka na kusimulia zaidi mabaya ya utotoni. Kwa hiyo nusu ile nyingine ya wagonjwa isisukumwe kukiri kitu ambacho hakikutokea. Kuuliza ni wajibu, kukisia ni dhambi.

Mahali ambapo hakuna anayehitaji kukisia ni mashariki ya Kongo. Hospitali ya Panzi, Bukavu, aliyoianzisha Denis Mukwege, mshindi wa Nobeli ya Amani ya mwaka 2018, haimpokei mwanamke aliyebakwa kwa upasuaji peke yake. Matibabu ya mwili yanakwenda pamoja na ushauri wa kisaikolojia, msaada wa kisheria na njia ya kujipatia riziki. Walifika huko kwa kulazimishwa na hali: vita viliwaonyesha kuwa mshono ukipona na hofu ikibaki, mgonjwa hajapona. Nairobi na Dar es Salaam, zenye amani na hospitali kubwa, zingeweza kujifunza kutoka Bukavu, kama si kiburi.

Jambo jingine la kwetu linastahili kusemwa, ingawa litawaudhi baadhi ya wasomaji wangu wa Pwani. Tumejenga utamaduni mzima wa kubana. Bibi harusi hufundishwa na somo wake kubana. Madukani kuna shabu na dawa za kubana. Siku hizi simu zimejaa kina dada wanaofundisha mazoezi ya kubana, yaliyotokana na yale ya Arnold Kegel, daktari wa Marekani aliyeyaeleza mwaka 1948 kwa ajili ya wanawake waliovuja mkojo baada ya kuzaa. Kwa mwenye misuli iliyolegea, mazoezi hayo ni mazuri sana. Kwa mwenye misuli ambayo tayari imekazwa na hofu, yanaweza kuongeza maumivu, na hakuna anayempima kabla ya kumwambia abane zaidi. Mwanamke anaumwa wakati wa tendo la ndoa, anaogopa mumewe atamchoka, anatumia shabu, anabana, anaumia zaidi, anajikaza zaidi akisubiri kuumia. Ule mzunguko wa wataalamu, sisi tunauuza dukani kwa rejareja.

Kulegeza hufundishwa pia. Mtaalamu wa fiziotherapia huanza na pumzi: mtu akivuta pumzi ndefu hadi tumboni, kiwambo cha moyo hushuka na sakafu ya nyonga hushuka nayo, hulegea. Mwenye mawazo hupumua kwa kifua cha juu, kwa hiyo sakafu yake haipati likizo hiyo mchana kutwa. Si muujiza. Ni wiki na miezi ya kurudia jambo lisilo na ladha.

Wanaume wana shida ya ziada, ya kunyamaza. Akiumwa msamba anafikiri gono, kisha anafikiri kurogwa, kisha anafikiri nguvu za kiume zinakwisha, na kila wazo linambana zaidi ya lililotangulia. Anaishia kwa muuza dawa za ngiri. David Wise, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeugua hali hii mwenyewe kwa miaka mingi, alishirikiana na Rodney Anderson, daktari wa mkojo wa Stanford, wakaandika kitabu mwaka 2003 juu ya tiba yao ya kulegeza misuli na nafsi pamoja. Mwaka 2008 Anderson na wenzake walionyesha kuwa homoni ya msongo, kotisoli, hupanda asubuhi kwa kishindo zaidi kwa wanaume wenye ugonjwa huu kuliko kwa wazima. Dereva wa bodaboda anayeketi kwenye tangi kuanzia alfajiri, na bado anadaiwa hesabu ya bosi jioni, hahitaji maabara kumweleza habari hiyo.

Najua daktari wa zahanati atakavyonijibu. Foleni imefika nje ya geti, yuko peke yake, na mimi namtaka aulize habari za mikopo na ndoa. Jibu langu ni kwamba anayo dakika ya kuandika sipro mara nne kwa mgonjwa yule yule. Na si lazima awe yeye. Zimbabwe, chini ya Dixon Chibanda, imewafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kusaidia watu wenye mawazo kuzikabili shida zao moja moja; jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua, na mpango huo umefika hadi Zanzibar. Halikuwa jaribio la maumivu ya nyonga, lakini linafuta kisingizio cha kwamba kazi hii inangoja daktari bingwa.

Uchunguzi wa mwili hauondoki. Damu isiyo ya kawaida, hasa baada ya tendo la ndoa au baada ya hedhi kukoma, damu kwenye mkojo au choo, homa, kupungua uzito, uvimbe unaoshikika, mimba: haya yanapimwa kwanza na kwa haraka, na asiyeyapima kwa sababu mgonjwa ana mawazo anastahili kuulizwa na baraza lake. Na kama kuna dalili za UTI, mkojo uoteshwe kabla ya dozi ya pili, si baada ya ya tano.

Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na kitita cha mafao kitaendelea kuvutwa huku na huku kwa miaka. Antibayotiki zitaingia bila mtu kuuliza. Saa ya mtaalamu wa fiziotherapia ya nyonga itaonekana anasa, ya mshauri nasaha itaonekana anasa zaidi, na wataalamu wenyewe ni wachache kiasi kwamba mtu atasema tusijadili kisichokuwepo. Watakaokaa kwenye meza ya kukipanga kitita hicho waagize kwanza mafaili ya wagonjwa waliorudi mara nne kwa dalili zile zile za tumbo la chini, wajumlishe ultrasaundi, dozi na sindano zilizokwisha kulipwa humo, ndipo waulize bei ya saa moja ya fiziotherapia.